Kipimo cha Haki: Paketi Moja Haitoshi Kumhukumu Msagaji

*Hotuba ya Afisa Takwimu wa Wilaya katika mkutano wa hadhara wa wananchi wa kata, ulioitishwa kujadili malalamiko juu ya uzito wa sembe inayouzwa madukani. Inachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.*



Najua kwamba wengi mmefika hapa mkiwa na uchungu, na baadhi yenu mmekwisha kuiandika hukumu mioyoni. Sikuja kuwanyamazisha. Nimekuja kuwaeleza tulivyolipima jambo hili, hatua kwa hatua, ili kila mmoja aweze kuikagua hesabu yetu kama anavyoikagua chenji aliyorudishiwa dukani.

Wote mnakijua kisa chenyewe. Mama mmoja mkazi wa kata hii alinunua paketi ya sembe iliyoandikwa kilo 2. Akaimimina kwenye mizani ya duka la jirani, akakuta gramu 1,971, yaani upungufu wa gramu 29. Kabla ya jua kuchwa, picha ya mizani ile ilikuwa imeenea katika simu za watu, na chini yake maneno: "Tunaibiwa." Katika muda wa siku tatu maduka mawili yalirudisha mzigo wa mwenye mashine, na vijana wanaobeba magunia pale wakaambiwa wakasubiri nyumbani. Sitalitaja jina la mashine, wala la mama huyo. Nitaeleza kwa nini wote wawili wanastahili heshima yenu.

Ndugu wananchi, katika jambo kama hili kuna makosa mawili yanayowezekana, na yote mawili yana watu wanaoumia. Kosa la kwanza ni kumhukumu msagaji mwaminifu: biashara yake inakufa, na vijana aliowaajiri wanakosa riziki. Kosa la pili ni kumwacha anayepunja: kila nyumba inalipia unga ambao haikuupata, na anayeumia zaidi ni yule anayenunua kidogo kidogo. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Basi haba na haba pia hukipunguza kibaba. Kazi ya takwimu ni kutusaidia tusitumbukie katika kosa la kwanza kwa hasira, wala katika la pili kwa uvivu.

Swali lililo sahihi

Tulianza kwa kuliweka swali vizuri. Picha ile ilijibu swali moja tu: je, paketi hii ina kilo 2 kamili? Jibu lilikuwa hapana, na hakuna anayebishana nalo. Lakini tuhuma iliyoandikwa chini ya picha ilihusu jambo lingine kabisa: je, paketi zinazotoka katika mashine ile, zikichukuliwa zote kwa pamoja, zina wastani wa kilo 2 kama zilivyoandikwa, au wastani wake ni pungufu?

Maswali hayo mawili yanafanana kwa sura tu. Hakuna mkono wa binadamu, wala chombo kilichotengenezwa na binadamu, kinachojaza paketi mia zikawa na uzito mmoja hadi gramu ya mwisho. Akina mama mliowahi kupima nafaka kwa kibaba mnalijua hili: mkono uleule, kibaba kilekile, na bado vibaba vinne havitoki sawasawa na vibaba vingine vinne, ingawa kila mara mnaita pishi moja. Msagaji mwaminifu kuliko wote atatoa paketi zilizozidi kidogo na nyingine zilizopungua kidogo. Uaminifu wake hauonekani katika paketi moja. Unaonekana katika wastani.

Hata taratibu za kimataifa zinalitambua jambo hili. Shirika la Kimataifa la Vipimo vya Kisheria, lililoundwa mwaka 1955 na lenye makao yake mjini Paris, limetoa pendekezo namba R 87 kuhusu bidhaa zilizofungashwa. Kwa paketi ya kilo 2, upungufu unaovumilika katika paketi moja moja ni asilimia 1.5, yaani gramu 30. Lakini wastani wa mzigo mzima hauruhusiwi kuwa chini ya uzito ulioandikwa. Kwa hiyo paketi ya yule mama, peke yake, ilikuwa ndani ya mpaka huo, ingawa kwa gramu moja tu. Kilichobaki ni kuuliza kuhusu wastani.

Ugumu ni kwamba wastani wa paketi zote hatuwezi kuuona. Ili kuuona ingetubidi tufungue kila paketi, na tukimaliza hapatakuwa na unga wa kuuza. Tunaweza kufungua chache tu, yaani sampuli, na kutoka kwa hizo chache tuseme neno la haki juu ya zile nyingi.

Paketi kumi za kwanza

Tulikwenda kwenye ghala la mashine, tukazihesabu paketi zilizokuwapo na kuzipa namba. Namba hizo tuliziandika kwenye vipande vya karatasi, tukavichanganya ndani ya kofia, na mtoto wa shule akaokota vipande kumi mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Msione kwamba huo ulikuwa mchezo. Tungechukua zile za juu ya rundo, huenda zingekuwa za saa moja ya kazi, za mjazaji mmoja. Tungemwachia mwenye mashine achague, angechagua zilizotuna. Tungewaachia walalamikaji, wangechagua zilizosinyaa. Kura haina rafiki wala adui, na hesabu yote inayofuata inasimama juu ya kura hiyo.

Mizani tuliyotumia ilikuwa imehakikiwa, na kabla ya kazi tuliijaribu kwa mawe ya uzito unaojulikana. Kila paketi tuliifungua, tukamimina unga ndani ya bakuli ambalo uzito wake ulikuwa umekwisha kuondolewa, ili tupime unga peke yake. Tulipima palepale mashineni, kwa kuwa unga ukikaa dukani siku nyingi hupoteza unyevu, na msagaji asilipishwe kwa jua la mtu mwingine.

Uzito wa paketi kumi, kwa gramu, ulikuwa huu: 1,972, 2,009, 1,985, 2,014, 1,994, 1,981, 2,007, 1,988, 2,002, 1,988. Zijumlisheni wenyewe. Jumla ni 19,940, na wastani ni gramu 1,994. Upungufu wa wastani ni gramu 6.

Hapo mmoja wa walalamikaji aliyekuwapo alisema: "Si mnaona? Upungufu huo hapo!" Na mwenye mashine akajibu: "Gramu sita katika elfu mbili ni upepo tu." Wote wawili walikuwa wakiangalia namba moja, na kila mmoja akaisoma kwa moyo wake. Namba hiyo peke yake haiwezi kuamua kati yao. Ili iamue, lazima tuulize mambo matatu kwa pamoja.

La kwanza ni ukubwa wa tofauti: wastani tulioupata umekaa mbali kiasi gani na wastani ulioandikwa? Hapa ni gramu 6.

La pili ni mtawanyiko: paketi zenyewe zinatofautiana kiasi gani? Kama paketi zote kumi zingekuwa kati ya 1,993 na 1,995, upungufu wa gramu 6 ungekuwa jambo zito, kwa maana mjazaji asiyeyumba amekosea daima upande mmoja. Lakini paketi zetu ziliruka kutoka 1,972 hadi 2,014, na katika mrukoruko kama huo gramu 6 zinaweza kuzaliwa kwa bahati. Mtawanyiko tunaupima hivi: tunachukua tofauti ya kila paketi na wastani wa 1,994, tunaizidisha kwa yenyewe, tunajumlisha zote kumi na kupata 1,664, tunagawanya kwa 9, kisha tunatafuta kipeuo cha pili. Jibu ni gramu 13.6. Kwa maneno ya kawaida, paketi ya pale huwa imeachana na wastani kwa kiasi kama gramu 14 hivi.

La tatu ni wingi wa paketi zilizopimwa. Wastani wa paketi nyingi huyumba kidogo kuliko paketi moja, kwa sababu zilizozidi huzifidia zilizopungua. Lakini kuyumba huko hakupungui haraka kama tungependa: hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi. Anayetaka kuupunguza kwa nusu lazima apime paketi mara nne zaidi. Kwa paketi kumi tunagawanya 13.6 kwa kipeuo cha pili cha 10, ambacho ni 3.16, na tunapata gramu 4.3. Hicho ndicho kipimo cha jinsi wastani wetu unavyoweza kuyumba kwa bahati.

Sasa tunayakutanisha yote matatu. Tofauti ya gramu 6 tunaigawanya kwa 4.3, tunapata 1.4. Maana yake ni kwamba upungufu tuliouona ni mara 1.4 tu ya kuyumba kwa kawaida. Je, hiyo ni nyingi au ni kidogo?

Somo kutoka Dublin

Aliyetupatia jibu la swali hilo hakuwa mwalimu wa chuo kikuu, bali mfanyakazi wa kiwanda. Aliitwa William Sealy Gosset, Mwingereza aliyesomea kemia na hisabati katika Chuo Kikuu cha Oxford, na mwaka 1899 akaajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Wale wasiokaribia bia wasinune; hesabu yake inakunywa maji tu. Tatizo lake lilikuwa kama letu. Alitakiwa kuamua juu ya ubora wa shayiri na mazao mengine kwa vipimo vichache, kwa kuwa kila kipimo kiligharimu muda na fedha. Wanahisabati wa wakati huo walikuwa na kanuni nzuri kwa sampuli kubwa, lakini kwa vipimo vinne au kumi kanuni hizo zilimdanganya mtumiaji. Zilimfanya ajiamini kupita kiasi.

Sababu ya udanganyifu huo si ngumu kuielewa. Mtawanyiko wenyewe tumeukadiria kutoka paketi hizohizo chache, na paketi chache huweza kutuonyesha mtawanyiko mdogo kuliko ulio wa kweli. Basi anayetumia sampuli ndogo lazima adai ushahidi mkubwa zaidi kabla ya kuhukumu. Gosset alikokotoa ni mkubwa kwa kiasi gani. Ili kujihakikishia, alichukua vipimo vya urefu na vya kidole vya wafungwa 3,000, akaviandika kwenye vipande vya karatasi ngumu, akavichanganya, akavigawa katika mafungu 750 ya watu wannewanne, na kulinganisha matokeo na hesabu yake. Mnaona kwamba kofia yetu na vipande vyetu vya karatasi vina ukoo mrefu. Mwaka 1908 aliichapisha kazi hiyo kwa jina la bandia la "Student", yaani Mwanafunzi, kwa kuwa mwajiri wake hakuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao. Baadaye Ronald Fisher aliiendeleza, na kitabu chake cha mwaka 1925 kikaieneza. Hadi leo kipimo hicho hujulikana kwa jina la yule Mwanafunzi.

Jedwali lake linasema hivi. Kwa sampuli kubwa sana, mpaka wa kawaida ni 1.96: msagaji mwaminifu ataupita mpaka huo, juu au chini, kwa bahati tu, mara 5 katika 100. Kwa paketi 10 mpaka ni 2.26. Kwa paketi 5 ni 2.78. Kadiri unavyopima chache, ndivyo mlango wa hukumu unavyokuwa mzito kuufungua. Na kwa paketi moja, kama ile ya kwenye picha, hakuna mlango kabisa, kwa sababu paketi moja haina mtawanyiko wa kupimwa. Hii ndiyo sababu nimesema paketi moja haitoshi. Siwadharau waliopiga picha. Hesabu yenyewe haina pa kushika.

Sisi tulipata 1.4, na mpaka ni 2.26. Hatukuufikia. Hata anayeuliza juu ya upungufu tu, bila kujali kuzidi, mpaka wake kwa paketi 10 ni 1.83, na hapo pia hatukufika. Mashine iliyo sawa kabisa ingeweza kutupa tofauti kama ile takriban mara 1 katika 5. Nasisitiza kwamba mpaka huo tuliuchagua kabla ya kupima. Anayechagua mpaka baada ya kuona matokeo ni sawa na refa anayesogeza goli wakati mpira uko hewani.

"Haijathibitika" si "hakuna kosa"

Ndugu wananchi, hapa ndipo watu wengi hujikwaa, hata wasomi. Habari zilipotoka kwamba paketi kumi hazikuthibitisha upungufu, wapo walioshangilia kwamba mashine imesafishwa. Haikusafishwa. Mahakamani, ushahidi usipotosha, mshtakiwa huachiliwa, lakini hakimu hajaapa kwamba hakutenda. Paketi kumi zilisema tu kwamba haziwezi kutofautisha kati ya mashine iliyo sawa na mashine inayopungukiwa gramu chache. Upungufu mdogo ulio wa kweli ungeweza kujificha ndani ya kuyumba kwa gramu 4.3, na sisi tusiuone.

Tulikuwa na njia mbili: kufunga faili, au kupima zaidi. Tulichagua kupima zaidi, na mwenye mashine, kwa heshima yake, alikubali. Safari hii tulifuata utaratibu wa pendekezo nililolitaja, ambalo katika toleo lake la mwaka 2004 linataka mzigo wa paketi 100 hadi 500 utolewe sampuli ya paketi 50. Kura ikapigwa upya, na maafisa wa vipimo wakasimamia mizani.

Wastani wa paketi 50 ulikuwa gramu 1,993. Upungufu ni gramu 7. Mtawanyiko ulikuwa gramu 14, karibu uleule wa mwanzo. Lakini sasa tunagawanya 14 kwa kipeuo cha pili cha 50, ambacho ni 7.07, na kuyumba kwa wastani kunashuka hadi gramu 1.98. Gawanyeni 7 kwa 1.98: jibu ni 3.5. Mpaka wa kawaida kwa paketi 50 ni 2.01. Tumeupita, na kwa mbali. Mashine iliyo sawa ingetoa tofauti kubwa kama hii takriban mara 1 tu katika 1,000.

Pendekezo la kimataifa ni kali zaidi kwa faida ya mshtakiwa. Linataka uzidishe mtawanyiko kwa 0.379 na kumwongezea msagaji jibu hilo kabla ya kumhukumu. Namba hiyo inatokana na jedwali lilelile la Mwanafunzi, kwa mpaka ambao mwaminifu ataonewa mara 5 tu katika 1,000. Tukamwongezea: 14 mara 0.379 ni 5.3. Alikuwa chini kwa 7. Baada ya nyongeza bado yuko chini kwa 1.7. Mzigo ulishindwa kipimo. Paketi zilizopungukiwa zaidi ya gramu 30 zilikuwa mbili tu kati ya 50, na kwa sampuli hiyo tatu zinaruhusiwa. Kwa hiyo kosa halikuwa katika paketi chache mbaya. Lilikuwa dogo, lakini lilienea katika mzigo wote.

Upungufu upo, je, wizi upo?

Hesabu ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake. Inaweza kusema kwamba wastani umepungua, na kwa kiasi gani: tulikadiria kati ya gramu 3 na gramu 11. Haiwezi kusema kwa nini, wala kuingia ndani ya nia ya mtu. Kwa hilo ilibidi tutumie macho.

Tukasimama karibu na mjazaji, tukamtazama akifanya kazi. Aliweka mfuko mtupu juu ya mizani, akamimina unga hadi mizani ikasoma kilo 2, akafunga. Tukamwomba aweke mfuko mtupu peke yake. Mizani ikasoma gramu 8. Ndugu zangu, kumbe mfuko ulikuwa ukipimwa kama unga. Mjazaji hakuwahi kuelekezwa kuirudisha mizani kwenye sifuri baada ya kuweka mfuko, na mwenye mashine hakuwahi kulifikiria. Alipoona, alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Nimewadai watu wangu mfuko na unga." Zile paketi zilizobaki ghalani zikafunguliwa na kuongezwa. Baada ya marekebisho tulipima paketi nyingine 50, na wastani ukawa gramu 2,001, tofauti ambayo iko ndani kabisa ya kuyumba kwa kawaida.

Kwa hiyo yule mama alikuwa na haki ya kulalamika, na bila yeye kosa lingeendelea. Lakini gramu zake 29 hazikuwa kipimo cha kosa hilo, kwa kuwa sehemu kubwa yake ilikuwa bahati ya paketi yake. Na mwenye mashine alikuwa na kosa la kurekebisha, lakini hakuwa mwizi. Tungesimama kwenye picha, tungemwonea. Tungesimama kwenye paketi kumi, tungewaonea ninyi.

Gramu 7 ni kitu kidogo au kikubwa? Hilo ni swali la pekee, na msilichanganye na lile la kwanza. Tofauti inaweza kuwa ya kweli na isiwe na uzito. Mwaka 1868 daktari Mjerumani Carl Wunderlich alitangaza nyuzi 37 za Selsiasi kuwa joto la kawaida la mwili, na mwaka 1992 watafiti wa Marekani waliopima watu wazima 148 wenye afya walipata wastani wa nyuzi 36.8. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini mama mwenye mtoto anayewaka homa haimbadilishii safari ya zahanati. Kwa upande wetu, nyumba inayonunua paketi mbili kwa wiki ilikuwa ikikosa gramu 728 kwa mwaka, karibu robo tatu ya kilo. Na katika kila paketi 1,000 zilizotoka mashineni, kilo 7 za unga zililipiwa bila kuliwa. Ninyi mtasema kama hicho ni kidogo.

Mambo ya kuzingatia

Kabla sijamaliza, naomba tukubaliane juu ya mambo machache.

Kwanza, mpaka wa mara 5 katika 100 una gharama yake. Tukizipima mashine 20, zote zikiwa sawa, tutegemee moja kuonekana na kosa kwa bahati tu. Kwa hiyo asiitwe mtu mkosaji kwa kipimo kimoja cha kawaida. Kipimo kirudiwe, au mpaka uwe mkali zaidi. Wala tusiseme kwamba mara 5 katika 100 ndiyo nafasi ya mtu kuwa hana hatia. Ni nafasi ya mwaminifu kuonekana vile kwa bahati, na hayo ni mambo mawili.

Pili, hesabu hii haiwezi kuponya sampuli iliyochaguliwa kwa upendeleo, wala mizani mbovu. Paketi elfu moja kwenye mizani isiyo sawa zitakupa uhakika mkubwa wa jambo la uongo. Kabla ya kuuamini uzito wowote dukani, tazameni kama mizani imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na ina alama yake.

Tatu, ukishuku upungufu, usiifungue paketi, na itunze pamoja na risiti. Nunua nyingine mbili tatu kama unaweza, katika siku tofauti. Kisha peleka taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, au katika ofisi ya Wakala wa Vipimo. Taja duka, tarehe na uzito ulioandikwa. Malalamiko yako ni mwanzo wa kipimo. Usiyafanye kuwa mwisho wake kwa kuyarusha kwenye simu.

Nne, kwa ndugu zangu wenye mashine: wekeni mfuko mtupu juu ya mizani, irudisheni kwenye sifuri, ndipo mmimine. Kila asubuhi pimeni paketi chache mlizozichukua bila kuchagua, na mziandike kwenye daftari. Daftari hilo litawatetea siku ambayo mimi sitakuwapo.

Ndugu wananchi, kibaba cha haki hakipatikani kwa kelele za muuzaji wala za mnunuzi. Kinapatikana kwa kupima vya kutosha, kwa kura isiyo na upendeleo, mbele ya macho ya wote. Mheshimiwa Diwani, hesabu zote nilizozisema zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata. Atakayeona kosa ndani yake aje kuniambia. Nitamshukuru kama nilivyomshukuru yule mama.